SOMO: Kazi Yako, Jinsia Yako na Kiuno Chako (wauzaji wa mtandaoni hili linatuhusu sana)



Leo sizungumzii bei ya mzigo wala namna ya kupiga picha za bidhaa. Leo chukua ile futi ya fundi unayopimia nguo za wateja, iweke pembeni, halafu soma taratibu mpaka mwisho. Utaitumia.

Tunajua kulinda mtaji. Tunahesabu nauli ya mzigo, bando, vifungashio, hela ya bodaboda. Lakini kuna mtaji mmoja hatuuandiki daftarini, nao ni mwili. Mwajiriwa akiumwa kuna likizo ya ugonjwa, mshahara unaingia. Sisi tukilala wiki moja, oda zinalala, wateja wanahamia kwa mwingine, na kodi ya fremu haijui kwamba unaumwa. Kwa hiyo hili ni somo la biashara kama masomo mengine.

Mada ni hii: kazi unayofanya, pamoja na kuwa mwanamke au mwanaume, vinahusianaje na sukari, presha na mafuta ya mwilini mwako.

1. KWANZA TUELEWE METABOLI NI NINI

Metaboli ni namna mwili unavyopokea chakula, kukigeuza kuwa nguvu, kutumia kiasi na kuweka akiba kinachobaki. Ifikirie kama stoo. Mzigo unaingia (chakula), mzigo unatoka (kazi na mwendo), na kuna mtunza stoo anaitwa insulini, anatoka kwenye kongosho. Kazi yake ni kufungua milango ya seli ili sukari iliyo kwenye damu iingie ndani.

Mzigo ukiingia kila saa na hautoki, stoo inajaa. Insulini inagonga mlango, seli hazifungui vizuri. Kongosho linaongeza insulini nyingine, linachoka, na sukari inabaki inazunguka kwenye damu. Hiyo ndo njia ya kisukari cha aina ya 2. Hakiji siku moja. Kinajengwa miaka na miaka, na mara nyingi huna dalili yoyote.

Madaktari wana alama 5 wanazoangalia. Ukiwa na 3 kati ya hizo 5, wanasema una mkusanyiko wa hatari za metaboli, yaani uko kwenye njia ya kisukari, ugonjwa wa moyo na kiharusi:

• Kiuno: mwanaume kuanzia sentimita 94, mwanamke kuanzia sentimita 80 (ndivyo vipimo vinavyotumika kwa sasa kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara)
• Presha: 130 juu au 85 chini, au zaidi
• Sukari kabla ya kula chochote asubuhi: 5.6 au zaidi
• Mafuta ya damu yanayoitwa trigliseridi: 1.7 au zaidi
• Lehemu nzuri (ile inayosafisha mishipa) ikiwa chini: mwanaume chini ya 1.0, mwanamke chini ya 1.3

Umeona? Kwenye orodha hiyo hiyo tayari kiuno na lehemu nzuri vina kipimo tofauti kwa mwanamke na mwanaume. Tutarudi hapo.

2. DEREVA NA KONDAKTA WA LONDON

Sasa sikia kisa hiki, ni cha kweli na kimefundishwa dunia nzima.

Miaka ya 1949 na 1950 kulikuwa na daktari Uingereza anaitwa Jerry Morris. Alitaka kujua kwa nini ugonjwa wa moyo unaongezeka. Akaangalia wafanyakazi wa usafiri wa London, wanaume wapatao 31,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Mabasi ya London yalikuwa ya ghorofa. Dereva anakaa kwenye kiti karibu zamu nzima. Kondakta anapanda na kushuka ngazi kutwa nzima anakata tiketi. Mwajiri mmoja, mji mmoja, basi moja, maisha yanafanana. Tofauti kubwa ni mmoja kakaa, mwingine anatembea.

Matokeo yalitoka mwaka 1953. Makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva. Na waliougua, waliugua wakiwa na umri mkubwa zaidi na hawakufa ghafla kwa wingi kama madereva.

Halafu mwaka 1956 Morris na wenzake wakafanya kitu ambacho sisi wauza nguo tutakipenda. Walichukua rekodi za sare za kazi, wakaangalia saizi za suruali. Madereva walikuwa na kiuno kikubwa kuliko makondakta wa umri uleule. Saizi za nguo zilitoa siri ya mwili.

Ila hapa tuwe waangalifu, maana wao wenyewe waliliona: inawezekana baadhi ya watu wanene tangu mwanzo ndio waliochagua udereva. Kwa hiyo kisa hiki peke yake hakithibitishi kila kitu. Lakini tafiti nyingi za baadaye zilielekea upande huohuo. Kazi ya kukaa ina gharama mwilini. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

3. SISI NI DEREVA AU KONDAKTA?

Jiulize kwa ukweli. Mama anayezungusha vitumbua mtaani anatembea. Machinga anayebeba mashati begani anatembea. Sisi wa mtandaoni tulifurahi kwamba simu imetuondolea kuzunguka juani, na ni kweli imetusaidia. Lakini simu hiyohiyo imetuhamisha kutoka kwa kondakta kwenda kwa dereva bila kutuuliza.

Angalia siku ya kawaida. Unaamka unashika simu ukiwa kitandani. Unajibu "bei gani?" arobaini. Unapiga picha umekaa. Unafunga mizigo umekaa. Boda anakuja mlangoni kuchukua. Chakula nacho kinaletwa na boda. Jioni unaingia laivu, umekaa. Usiku unajibu wateja umelala. Mzigo wa mteja umetembea kilomita 20, wewe hujafika hata dukani kwa Mangi.

Kwa nini kukaa kuna shida? Sababu ni misuli. Sehemu kubwa ya sukari inayotoka kwenye mlo huwa inaingia kwenye misuli. Na msuli unapofanya kazi una mlango wake wa pembeni: unavuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kumsubiri yule mtunza stoo, insulini. Ukikaa masaa 4 mfululizo baada ya kula wali, mlango huo umefungwa. Kazi yote inabaki kwa insulini peke yake.

Mwaka 2012 watafiti wa Australia walijaribu kwa watu 19 wenye uzito mkubwa. Siku moja walikaa masaa mfululizo baada ya kunywa kinywaji chenye sukari nyingi. Siku nyingine walisimama kila baada ya dakika 20 na kutembea dakika 2 tu. Siku ya kutembea, sukari baada ya kinywaji ilishuka kwa karibu robo. Dakika 2! Hata kumsubiri mteja atume ujumbe wa malipo ni zaidi ya hapo.

4. DADA ZANGU, HAPA NI KWENU

Utafiti wa mabasi ulikuwa wa wanaume watupu. Kwa wanawake, mradi mkubwa ni ule wa wauguzi wa Marekani ulioanza mwaka 1976 na bado unaendelea. Mambo mawili kutoka huko:

(a) Kukaa. Waliwafuatilia wauguzi zaidi ya 68,000 kwa miaka 6. Kila masaa 2 ya ziada kwa siku ya kukaa kazini yaliendana na hatari ya kisukari kuongezeka asilimia 7. Kila masaa 2 ya ziada ya kuangalia televisheni, asilimia 14. Lakini kila masaa 2 ya kusimama na kuzungukazunguka nyumbani yaliendana na hatari kupungua asilimia 12, na saa moja ya kutembea kwa haraka kila siku, asilimia 34.

(b) Usiku. Utafiti wa mwaka 2011, wauguzi zaidi ya 170,000. Waliofanya zamu za usiku zinazobadilikabadilika kwa miaka 20 au zaidi walikuwa na hatari ya kisukari kubwa kwa asilimia 58 kuliko ambao hawakuzifanya kabisa. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilipitia kwenye uzito: kazi za usiku zinanenepesha, na unene unaleta kisukari.

Sasa mwili wa mwanamke una mambo yake. Kabla ya ukomo wa hedhi, homoni zinaweka mafuta zaidi kwenye nyonga na mapaja. Mafuta ya huko siyo mabaya sana kwa metaboli. Ndiyo maana wanaume wengi wanapata kisukari wakiwa na unene mdogo kuliko wa mwanamke. Lakini hedhi ikikoma, mafuta yanaanza kuhamia tumboni na ule ulinzi unapungua. Dada wa miaka 28 asijidanganye kwamba hali itabaki hivihivi akifika 50.

Jambo lingine ni ujauzito. Kama ulipokuwa mjamzito uliambiwa sukari imepanda, halafu ukajifungua ikashuka, usilifunge faili. Wanawake waliopata kisukari cha ujauzito wana hatari zaidi ya mara 7 ya kupata kisukari cha aina ya 2 baadaye, ukilinganisha na wasiokipata. Mwambie mhudumu wa afya kila unapokwenda, upimwe mara kwa mara.

Na hapa kwetu takwimu zinatuangalia. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Mjini ni zaidi ya kijijini. Nasi tunajua mtaani unene unaitwa "kupendeza" au "mume anakutunza". Dada akipungua anaulizwa kama anaumwa. Kwa hiyo wengi hawapimi mpaka waanguke.

Mtu atasema, "Mimi mama wa nyumbani nafua, napika, nadeki, nimeshafanya mazoezi." Ni kweli kazi za nyumbani ni mwendo, na namba ya asilimia 12 hapo juu inakupa haki. Lakini dada muuzaji wa mtandaoni ana zamu mbili: kutwa biashara, usiku nyumba. Anachokosa ni usingizi na muda wa kula kwa wakati. Kaka anayesoma hapa, kama mkeo anauza mtandaoni, kumpokea vyombo jioni ili alale saa moja mapema ni mchango kwenye afya yake na kwenye biashara.

5. KAKA ZANGU, MSICHEKE

Wanaume mafuta yetu yanapenda kwenda ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo. Hayo ndo mabaya zaidi. Unakuta kaka mikono myembamba, miguu myembamba, kitambi mbele. Anasema "mimi siyo mnene". Mzani unaweza kumpa ruhusa, futi ikamkatalia.

Kuna wengine wanasema, "Mimi nabeba mabelo ya mtumba, mimi ni fiti." Hapa kuna jambo la kushangaza. Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti nyingi pamoja wakakuta wanaume wenye kazi nzito za nguvu walikuwa na hatari ya kufa mapema kubwa kwa asilimia 18 kuliko wenye kazi nyepesi. Kwa wanawake hawakuona hivyo. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kubeba mizigo masaa mengi bila kupumzika kunaweka presha juu kutwa nzima, na mwili haupati muda wa kujirudisha. Mazoezi ni mafupi, unachagua mwenyewe, unapumzika. Pia wenye kazi nzito mara nyingi wana kipato kidogo na wengine wanavuta sigara, na hayo ni vigumu kuyatenganisha kabisa. Kwa hiyo usichukulie kubeba belo kama cheti cha afya. Pima kama wengine.

6. PRESHA YA BIASHARA NA USINGIZI

Kukaa siyo kitu pekee. Serikalini London kuna utafiti wa watumishi wa umma zaidi ya 10,000, wanawake na wanaume, ulioanza mwaka 1985. Waliulizwa kuhusu msongo wa kazi mara kadhaa kwa miaka 14. Waliokuwa na msongo kwa vipindi 3 au zaidi walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 2 wa kupata ule mkusanyiko wa alama 3 kati ya 5. Kazi ni ya ofisini, kiyoyozi kipo, lakini akili haitulii na mwili unalipa.

Sisi msongo wetu tunaujua. Mteja kakimbia oda. Mzigo umekwama. Mtu kakopa kanuna. Mwili ukiwa kwenye hali ya hatari unatoa homoni zinazopandisha sukari kwenye damu ili ukimbie. Shida ni kwamba hukimbii. Umekaa na soda mkononi.

Na usingizi: mwaka 1999 vijana 11 wenye afya walilazwa masaa 4 tu kwa siku 6 mfululizo. Miili yao ilianza kushindwa kuondoa sukari kwenye damu vizuri, kama watu wanaoelekea kwenye kisukari. Walipolala vya kutosha, hali ikarudi. Fikiria wewe unayejibu wateja mpaka saa 8 usiku mwaka mzima.

7. TUFANYE NINI BILA KUACHA BIASHARA

Hapa sikupi mambo ya kwenda kulipia jimu. Panga ndani ya kazi yenyewe:

• Simu ikiita, simama. Maongezi yote ya mteja unafanya unatembea, hata kama ni ndani ya chumba.
• Weka kengele kila dakika 30. Ikilia, simama dakika 2 au 3: panga rafu, chota maji, fagia mlangoni.
• Meza ya kufungia mizigo iinue kwa boksi au matofali ifike usawa wa kiuno. Funga mizigo umesimama.
• Mizigo ya karibu peleka mwenyewe kwa miguu. Umeokoa hela ya boda na umetembea.
• Tembea dakika 10 baada ya kila mlo. Ukifanya mara 3 kwa siku kwa siku 5, ni dakika 150 za wiki. Ukitembea kwa haraka, hicho ndo kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima.
• Mara 2 kwa wiki fanyia misuli kazi: kaa na kusimama kwenye kiti mara 15, sukuma ukuta au sakafu, nyanyua madumu ya maji. Msuli ni stoo ya ziada ya sukari.
• Andika muda wa kazi kwenye ukurasa wako: "Tunajibu saa 2 asubuhi mpaka saa 3 usiku." Mteja wa kweli atasubiri asubuhi. Weka majibu ya moja kwa moja yenye bei na maelezo, yafanye kazi ukiwa umelala.
• Soda: geuza chupa usome. Nyingi zina kama gramu 10 za sukari kila mililita 100. Chupa ya 350 ni karibu vijiko 9 vya chai. Wewe unaweza kuweka vijiko 9 kwenye kikombe kimoja? Maji yawe ya kila siku, soda iwe ya sherehe.
• Sahani: usiache ugali wala wali, punguza kilima. Mboga za majani ziwe nusu ya sahani, na maharage, dagaa au samaki wawepo.

8. SASA SHIKA ILE FUTI

Simama wima. Pandisha nguo, usipime juu ya gauni wala suruali. Tafuta mfupa wa mwisho wa mbavu pembeni na mfupa wa juu wa nyonga. Katikati yake ndo unapita. Futi iwe sawa kuzunguka, isibane. Pumua kawaida, ukimaliza kutoa pumzi soma. Usivute tumbo ndani! Huyu siyo mteja wa kumdanganya.

Dada, ni 80 au zaidi? Kaka, ni 94 au zaidi? Usiogope na usikimbilie dawa za kupunguza tumbo zinazouzwa humu mtandaoni. Nenda zahanati au kituo cha afya, asubuhi, bila kula kwa masaa 8, upime sukari na presha. Sukari ikisoma 5.6 hadi 6.9 ni onyo, bado una nafasi kubwa ya kuirudisha. Ikiwa 7.0 au zaidi, kipimo kinarudiwa na daktari anakuanzishia utaratibu. Na hata kama kiuno kiko sawa, kama kwenu kuna mzazi mwenye kisukari au presha, nenda kapime.

Andika namba zako kwenye daftari lilelile la mauzo: tarehe, kiuno, presha, sukari. Rudia kiuno kila baada ya miezi 3 siku unayohesabu stoo. Mtu anayejua faida yake mpaka shilingi mia hana sababu ya kutojua kiuno chake.

Umekaa muda gani ukisoma hapa? Simama kwanza, nyoosha miguu, kanywe maji. Halafu mtumie somo hili muuzaji mwenzako mmoja ambaye unajua hanyanyuki kwenye kiti.

Mapambano yaendelee, ila tuwe hai kuyaendeleza.